Safari Fupi ya Eropleni

Kaskazini ya nchi ya Scotland viko visiwa vingi viitwavyo Orkney. Viwili katika hivyo ni Westray na Papa Westray, navyo hutengwa na mkono mwembamba wa bahari. Toka kiwanja cha ndege cha kisiwa kimoja hata cha pili ni kilometa 2.7 tu. Lau pangekuwa na nchi kavu, mtu angefika kwa miguu kwa muda wa nusu saa na kidogo. Lakini pana maji, na pepo kali huichafua bahari hata vyombo vidogo visiweze kuvuka.

Basi tangu mwaka 1967 watu huvuka pia kwa eropleni. Iendayo sasa ni ndogo, huchukua abiria wanane. Safari imepangiwa dakika 2. Upepo ukiwa mwema huwa pungufu, na mara moja ilikwisha kwa sekunde 53. Duniani pote hakuna safari ya ndege yenye saa zilizopangwa iliyo fupi kuliko hiyo.

Mgeni huicheka, mwenyeji haicheki. Humo husafiri mwalimu aendaye kufundisha watoto, na mgonjwa aendaye hospitali katika mji wa Kirkwall, ambako eropleni hiyo hutoka na kurudi. Mgonjwa hapimi njia kwa kilometa. Huipima kwa saa za kungoja.

Maswali
1. Eropleni ikienda kilometa 2.7 kwa dakika 2, itakwenda kilometa ngapi kwa saa moja?
2. Kwa nini mwenyeji haicheki safari hiyo?