Jarida la Kielektroniki: Maktaba Huazima Nini?

Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Tuchukue mfano wa mvuvi wa Kibirizi anayetaka kujisomea sababu za samaki kupungua. Anaelekezwa kwenye makala iliyochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature, inayohusisha kupungua huko na kuongezeka kwa joto la ziwa. Anapoifungua, anatakiwa kulipa kwa dola. Je, ni lazima alipe?

Si lazima. Kwanza aulize maktaba. Hata hivyo, ni vema afahamu kanuni zinazotumika.

Kitabu cha karatasi ni mali ya maktaba; huazimwa na kurejeshwa. Jarida la kielektroniki ni tofauti: kwa kawaida maktaba hulipia leseni ya kulisoma, haimiliki jarida lenyewe. Kwa hiyo maktaba haiwezi kuliazima jarida zima. Inachoweza kutoa, pale leseni inaporuhusu, ni nakala ya makala moja kwa ajili ya kujisomea. Baadhi ya leseni huagiza nakala ichapwe kwenye karatasi kwanza. Nyingine hukataza kabisa kuipeleka maktaba nyingine. Mkutubi akikukatalia, huenda anatii mkataba.

Mtumiaji azingatie yafuatayo:

1. Atafute kwanza iwapo makala inapatikana bure kihalali, kwa mfano kwenye hazina ya chuo cha mwandishi.

2. Ampe mkutubi taarifa kamili: jina la mwandishi, kichwa cha makala, jarida, mwaka na kurasa.

3. Aulize mapema gharama na muda wa kusubiri, na adai risiti kwa kila malipo.

4. Asinunue wala kuazima neno la siri la chuo au taasisi. Akibainika, taasisi nzima yaweza kufungiwa huduma.

5. Asisambaze nakala aliyopewa katika makundi ya simu. Kuwaeleza wenzake alichojifunza ni ruhusa. Kazi za waandishi zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Ikiwa leseni hairuhusu, mtumiaji anaweza kumwandikia mwandishi kumwomba nakala, au kuomba ufafanuzi katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) kilichopo Kigoma. Kulipa kuwe hatua ya mwisho.