Mashua ya Mabawa: Msamiati wa Ubaharia na Uundaji wa Istilahi

Utangulizi

Kila kinapozuka chombo kipya, baadhi ya waundaji istilahi hukimbilia kutohoa. Makala haya yanadai kwamba katika ubaharia Kiswahili kina akiba ya kukitaja hata chombo ambacho mafundi wa pwani hawakukiunda. Mfano ni mashua ndogo ya tanga inayoinuka juu ya maji kwa mabawa, ambayo wapenzi wa ubaharia huweza kuiunda nyumbani.

Asili yake

Mwaka 1928, Len Morris aliunda mashua ndogo huko Inverloch, Australia. Kutokana nayo kulikua aina ya mashua iitwayo Moth, ambayo kanuni zake ziliwaachia waundaji uhuru mkubwa. Mnamo 2005, Rohan Veal alitwaa ubingwa wa dunia mjini Melbourne kwa Moth yenye mabawa.

Kuunda

Fundi wa nyumbani huanza na mwili wa mashua: plaiwudi nyembamba, gundi ya epoksi na kitambaa cha nyuzi za kioo. Majina ya sehemu yapo tayari: omo mbele, tezi nyuma, mataruma ndani, kisha mlingoti, tanga na usukani. Kinachotoweka ni kalafati, yaani kuziba nyufa kwa pamba na mafuta, kwa kuwa gundi imeichukua kazi hiyo.

Mabawa ni mawili. Moja hukaa chini ya ubao unaoshuka majini katikati ya mashua, jingine chini ya usukani. Kila moja na nguzo yake hufanya herufi T iliyopinduliwa. Bawa dogo hutosha kwa sababu maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800. Aidha, kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya kuinua huwa mara nne. Ufito unaoburura majini kutoka omo huendesha ulimi ulio nyuma ya bawa la mbele: mashua ikiwa chini, ulimi huinama na kuongeza nguvu, ikipanda mno, huipunguza.

Kushua

Siku ya kushua, baharia hutafuta upepo wa ubavuni, huketi upande wa goshini na kuvuta demani. Kasi ikikaribia kilomita 15 kwa saa, mwili huachana na maji na kishindo cha mawimbi hukoma. Hapo ndipo mwanagenzi hukosea. Omo hupanda kupita kiasi, bawa huchomoza na kunyonya hewa, nguvu hupotea ghafla na mashua huanguka. Dawa yake ni kusogeza uzito mbele mapema.

Mjadala wa istilahi

Je, kiungo hicho kiitwe haidrofoili? Neno hilo halimwambii msomaji lolote. Bawa humweleza umbo na kazi kwa pamoja, kama nyambizi inavyomkumbusha kupiga mbizi. Isitoshe, wazo lenyewe si geni pwani. Mbao za pembeni za ngalawa huwekwa kwa mwinamo, hivyo chombo kikienda kwa kasi maji huzisukuma juu. Baharia wa ngalawa amekuwa akitumia nguvu hiyo bila kuihesabu.

Hata hivyo, utohozi una mahali pake: hakuna faida ya kulibuni upya jina la epoksi. Pia maneno ya kale yana utata. Demani ni kamba ya tanga, lakini ni jina la msimu vilevile. Muktadha ndio unaoamua.

Hitimisho

Hatari iliyopo si uhaba wa maneno, bali ni kupotea kwa wanaoyajua. Mwanafunzi anayekariri joshi na demani kutoka kwenye kamusi pekee hawezi kuyatumia kukitaja chombo kipya. Mahali pa kuyajifunza ni kando ya fundi aundaye mashua Lamu au Vanga, kabla nyundo yake haijanyamaza.