Kinachochekwa Katika Interstellar Ndicho Kilichopigiwa Hesabu



Ndugu zangu katika imani na katika masomo, nimeombwa niandike juu ya sayansi ya filamu za safari za anga. Nimechagua moja tu, Interstellar ya mwongozaji Christopher Nolan, iliyotoka mwaka 2014, kwa sababu ndiyo inayobishaniwa zaidi mabwenini kwetu. Ubishi wenyewe una pande mbili. Upande mmoja husema: "Huo ni uongo wa Hollywood, saa moja itakuwaje miaka saba?" Upande wa pili husema: "Aliyewashauri ni mwanafizikia mkubwa, kwa hiyo yote mle ni sayansi." Nimewasikiliza wote kwa subira na sijaona aliyeshika kalamu. Wa kwanza anapima kwa mshangao wake, wa pili anapima kwa jina la mtu.

Mimi nasoma fizikia, mwaka wa tatu. Hesabu nitakazotumia hapa hazizidi kuzidisha na kugawanya, kwa hiyo wa sheria na wa biashara wasikimbie.

Kwa asiyeiona, kisa kwa ufupi ni hiki. Mazao ya dunia yanakufa kwa ugonjwa. Rubani wa zamani, Cooper, ambaye sasa ni mkulima wa mahindi, anaongoza wenzake kupita katika njia ya mkato iliyofunguka angani karibu na sayari ya Zohali, wakatafute makao mapya. Upande wa pili kuna shimo jeusi kubwa liitwalo Gargantua, na sayari kadhaa ambako watafiti walitangulia miaka kama 10 kabla yao. Ya kwanza kuendewa ni ile aliyotua mtafiti Miller. Iko karibu mno na shimo jeusi, kiasi kwamba saa moja pale ni sawa na miaka 7 duniani. Wanashuka, wimbi linawapiga, mmoja wao anakufa, na wanaporudi kwenye chombo kikubwa wanamkuta mwenzao Romilly amewangoja miaka 23.

Hapo ndipo ukumbi hucheka. Basi tuanzie hapo.

Kwamba uvutano mkubwa hupunguza mwendo wa saa si ubunifu wa mtunzi wa filamu. Einstein alilionyesha katika nadharia yake ya uhusianifu, na leo kila mmoja wetu anaishi nalo mfukoni. Setilaiti za mfumo wa GPS huzunguka kiasi cha kilomita 20,200 juu yetu, ambako uvutano wa dunia ni dhaifu, kwa hiyo saa zake huenda mbele kuliko zetu kwa sehemu 45 za milioni ya sekunde kila siku. Kasi ya setilaiti zenyewe huzirudisha nyuma sehemu 7. Zinabaki 38. Ni kidogo? Zidisha na kasi ya nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde, utapata zaidi ya kilomita 11. Kama wahandisi wasingesahihisha tofauti hiyo, kosa la mahali ulipo lingekuwa linakua kwa kiasi hicho kila siku. Ile programu ya simu unayoitumia safarini kutafuta kibla na nyakati za sala ingekuweka mtaa mwingine kabla ya magharibi.

Kwa hiyo swali halali si "je, wakati hupungua?" bali "unaweza kupungua kiasi hicho?" Miaka 7 ina saa zipatazo 61,000. Nolan alitaka wakati upungue mara 61,000, na Kip Thorne, mwanafizikia wa Marekani aliyekuwa mshauri wa filamu, mwanzoni aliona haiwezekani. Alipokwenda kupiga hesabu akaona inawezekana kwa sharti moja: shimo liwe linajizungusha kwa kasi iliyo chini ya ukomo wake kwa sehemu moja tu ya trilioni 100. Sharti hilo ni gumu mno. Thorne huyohuyo alikuwa ameandika miaka ya sabini kwamba mashimo meusi ya kawaida hayatarajiwi kuukaribia ukomo hivyo. Tuseme basi kwamba kanuni za maumbile hazilikatazi jambo hili, ila hatuna sababu ya kutarajia kulikuta. Huwezi kuliita uongo, na huwezi kuliita jambo la kawaida.

Ukubwa wa shimo nao ulichaguliwa kwa makusudi. Gargantua lina uzito wa jua milioni 100. Wengi hudhani shimo kubwa zaidi ndilo litakalokurarua haraka zaidi, na ni kinyume chake: kadiri shimo linavyokuwa kubwa, ndivyo tofauti ya mvuto kati ya miguu yako na kichwa chako inavyopungua ukingoni mwake. Shimo dogo lingeisambaratisha sayari ile.

Kuhusu sura ya shimo, nitasema kidogo. Picha zilitengenezwa London kwa milinganyo ya Thorne, na picha moja moja nyingine zilichukua hadi saa 100 za kompyuta. Aprili 2019, ilipotangazwa picha halisi ya kwanza ya shimo jeusi, lile la galaksi ya M87, pete ya mwanga ilionekana ikiwa angavu zaidi upande mmoja. Katika filamu pande zote zinalingana. Watengenezaji walijua kwamba upande unaotujia ulipaswa kung'aa zaidi. Waliacha makusudi ili mtazamaji asichanganyikiwe. Hilo namsamehe msanii.

Nisichokisamehe ni kingine, na hapa nawaomba mtulie.

Filamu imeweka sheria yake yenyewe: saa moja pale, miaka 7 hapa. Wasafiri wanaijua kabla ya kushuka. Wanaijadili mezani, hata wanapanga namna ya kuokoa dakika. Sasa gawanya. Miller ametua miaka 10 iliyopita kwa saa za duniani. Kumi kugawanya kwa saba ni saa 1 na dakika 26 hivi. Yaani mtafiti ambaye ripoti yake wanaitegemea kuhamisha wanadamu wote amekuwa kwenye sayari ile kwa muda usiofika mhadhara wa saa mbili! Ripoti hiyo ina thamani gani? Hesabu ya mstari mmoja, na chomboni wamo wanasayansi watupu. Hakuna anayeifanya. Wanakuja kuitambua baada ya kushuka, mwenzao akiwa ameshakufa, na mhusika Brand anaeleza kwamba ishara ya mwanzo ilikuwa inajirudia tu.

Maelezo hayo yanazidisha tatizo. Ishara ikitoka mahali ambapo wakati umepungua mara 61,000, nayo hufika imenyooshwa kiasi hicho. Mlio wa sekunde moja ungepokewa kwa takriban saa 17. Mawimbi ya redio ya megahezi 100, kama ya stesheni zetu za FM, yangefika kama mawimbi ya hezi 1,600 hivi. Fundi wa mapokezi asiyejua lolote kuhusu Gargantua angegundua siku ya kwanza kwamba kuna jambo kubwa pale. Huhitaji Einstein kuliona pengo hili. Unahitaji tu kuiamini filamu kwa dhati kuliko walioiandika.

Pengo la pili ni la mafuta. Kutoka duniani, chombo kinasukumwa na roketi kubwa ya hatua kadhaa, kama zile za safari za mwezini. Kwenye sayari ya Miller, ambayo filamu yenyewe inasema uvutano wake ni asilimia 130 ya wa dunia, chombo kidogo kinaruka chenyewe kutoka majini na kuondoka. Watetezi husema roketi ya duniani ilikuwa ya kuhifadhi mafuta. Ni jibu la heshima, lakini halitoshi, kwani uvutano wa sayari ni mzigo mdogo hapo. Sayari iliyo karibu kiasi kile na shimo jeusi hulizunguka kwa karibu nusu ya kasi ya nuru. Kuifikia, kutua na kurudi kunadai mabadiliko ya kasi ambayo hakuna tangi la mafuta linaloyaweza. Filamu inagusia kupunguza kasi kwa kuzunguka nyota ya nyutroni, kisha inanyamaza.

Kuhusu mazao, dada mmoja wa mwaka wa kwanza anayesoma kilimo aliniambia jambo ambalo sijalisikia kwa mwanafizikia yeyote. Katika filamu ngano imekufa, bamia inavunwa mara ya mwisho, na mahindi yako njiani. "Ni mdudu gani huyo?" aliuliza. Sisi tuliokulia kati ya migomba na mihogo tunajua kwamba mnyauko wa migomba hauhamii kwenye mtama, na batobato ya muhogo haiui maharage. Vimelea huchagua. Kimoja kinachokula kila mmea kwa zamu ni kigeni zaidi kuliko Gargantua. Wanasema pia kwamba hewa ya kupumua itakwisha. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa yetu. Hata ukichoma mimea yote iliyo juu ya ardhi, isingepungua kwa kiasi ambacho mapafu yako yangekitambua. Halafu mwisho wa filamu watu wanaishi katika kituo kilichofungwa pande zote huko Zohali, wakilima. Anayeweza kujenga shamba lililofungwa angani angelijenga Kampala au Kansas kwa gharama ndogo zaidi, bila kuacha kaburi la mama yake.

Kuna waliotaka niandike juu ya sehemu ya mwisho, pale Cooper anapozungumza na binti yake kupitia rafu ya vitabu, na jinsi watu wa baadaye walivyowaokoa waliowatangulia. Wengine wameipeleka hadi kwenye mjadala wa qadar, na huo nawaachia wenye fani yake. Kwa upande wa kisa, mzunguko ule haujipingi wenyewe: kila tukio lina chanzo ndani ya kisa. Ndani ya shimo jeusi fizikia ya leo haina kauli thabiti, na mtunzi anapojaza mahali ambapo sisi hatuna hesabu, sina cha kumsahihisha.

Nimebakiza swali moja, nalo nawaachia wanafunzi wa lishe na wa uhandisi. Romilly alikaa miaka 23 chomboni, akilala usingizi wa kuhifadhiwa vipindi vichache tu. Chukulieni kilo 2 za chakula na maji kwa siku, na maji yasisafishwe upya. Ni zaidi ya tani 16. Tafuteni katika filamu palipo na stoo hiyo. Mimi nimeitazama mara tatu na bado sijaiona.