Macho ya Mtoto Yakiwasha: Dawa Ipi ya Matone Inafaa?

Mtoto anayesugua macho kila mara, hasa msimu wa vumbi, huenda ana mzio, yaani aleji ya macho. Macho huwasha, huwa mekundu, hutoa machozi na wakati mwingine ute mweupe unaovutika kama uzi. Wazazi wengi hununua dawa yoyote ya matone dukani. Lakini dawa hizi hazifanani, na baadhi zikitumiwa vibaya zinaweza kumpofusha mtoto.

Olopatadini: Hutuliza mwasho kwa dakika chache na pia hukinga. Kwa kawaida huwekwa mara mbili kwa siku.

Sodiamu kromoglikati: Hii ni kinga zaidi kuliko tiba ya haraka. Huwekwa mara nne kwa siku, na huenda nafuu ikachukua siku kadhaa au hata wiki. Mzazi asiiache mapema akidhani haifanyi kazi.

Steroidi: Hutuliza macho haraka, na hapo ndipo penye mtego. Mtoto akipata nafuu, mzazi hurudi dukani kununua chupa nyingine. Zikitumiwa kwa muda mrefu, zinaweza kuongeza presha ya macho bila maumivu yoyote na kusababisha mtoto wa jicho. Uwezo wa kuona uliopotea kwa sababu ya presha ya macho haurudi. Daktari huzitoa kwa mzio mkali, kwa muda mfupi, huku akipima presha hiyo.

Siklosporini: Mtaalamu wa macho huitumia kwa mzio mkali unaojirudia. Huweza kuchoma kidogo, lakini haiongezi presha ya macho.

Antibiotiki: Huua bakteria; haitibu mzio. Baadhi ya chupa zimechanganywa na steroidi. Soma kibandiko: ukiona dexamethasone, betamethasone au prednisolone, hiyo ni steroidi. Usiitumie bila agizo la daktari.

Nyumbani, mnawishe mtoto uso na umkande macho kwa kitambaa safi chenye maji baridi. Mzuie kusugua, kwani kusugua kwa muda mrefu huweza kuharibu umbo la kioo cha jicho.

Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo akiwa na maumivu, akiogopa mwanga, akiona ukungu au akiwa na doa jeupe kwenye jicho.