Kilima kimefungwa, pumzi inanikatika

*Daktari, kila alfajiri nilikuwa nikikimbia kupanda kilima cha Naguru. Tangu Rais Museveni apige marufuku mazoezi ya hadharani Aprili hii ya 2020 kwa sababu ya korona, usingizi haupatikani, na nikipanda ngazi nahema. Je, moyo umeharibika?*
*Msomaji, Kampala*

Kwa maelezo yako, sidhani. Pumzi ya mazoezi hupungua ndani ya wiki mbili tatu tu za kukaa, na hurudi ukianza tena. Kilichokufaa Naguru ni mwinuko, na mwinuko unao nyumbani: ngazi hizohizo. Panda dakika moja, shuka polepole, pumzika, rudia kwa robo saa. Mapaja yatauma kesho yake kwa sababu ya kule kushuka, usishtuke. Siku nyingine kimbia papo hapo sebuleni. Rais mwenyewe alitoa video akikimbia pekupeku ofisini!

Kuhusu usingizi, ota jua la asubuhi uani au dirishani, na usifanye mazoezi mazito usiku.

Marufuku ikiondolewa, anza na nusu ya kilima. Lakini ukibanwa kifua, ukizimia, ukihema hata umekaa, au ukipata homa na kikohozi, usisubiri: piga simu kituo cha afya siku hiyohiyo.