SOMO LA KAZI ZA MIKONO: MWANASESERE WENYE VIUNGO VINAVYOKUNJIKA

Katika toleo hili tunaleta somo la kutengeneza mwanasesere anayeweza kuketi, kusimama, kuinua mkono na kugeuza kichwa, kwa udongo unaokauka kwa hewa bila kuchomwa motoni. Watoto wetu wengi walifika hapa bila kitu cha kuchezea. Vijana wetu nao wana mikono yenye nguvu na siku ndefu. Somo hili ni la makundi hayo mawili.

LENGO LA SOMO

Mwishoni mwa somo hili msomaji aweze: (1) kueleza kiungo cha tufe ni nini, (2) kutengeneza udongo wake kwa vitu vinavyopatikana, (3) kuunda vipande kumi na kuviunganisha kwa lastiki, (4) kuwajibu wanaouliza kama kitu hiki ni sanamu au uchawi.

KAZI HII IMETOKA WAPI

Wagiriki wa kale, zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristo, walifinyanga wanasesere wa udongo wa kuchoma wenye mikono na miguu iliyofungwa kwa uzi ili icheze. Katika karne ya 19 mafundi wa Ujerumani na Ufaransa walitengeneza miili ya wanasesere kwa mchanganyiko wa karatasi, unga wa mbao na gundi, wakaweka tufe kwenye viungo na kuvuta vyote kwa lastiki. Mji wa Sonneberg, Ujerumani, ulijulikana sana kwa kazi ya vitu vya kuchezea.

Katika miaka ya 1930 Mjerumani Hans Bellmer alitumia viungo vya tufe katika sanaa yake. Mwaka 1965 kijana Mjapani, Yotsuya Simon, aliona picha ya kazi hiyo katika gazeti, akaacha namna yake ya zamani ya kutengeneza wanasesere. Mwaka 1978 alifungua shule ya kufundisha kazi hii Tokyo. Wajapani wengi hutumia udongo wa unga wa jiwe unaouzwa katika pakiti, ambao hukauka wenyewe. Mwaka 1999 kampuni ya Volks ya Japani ilianza kuuza wanasesere wa aina hii waliotengenezwa kwa plastiki ngumu. Lakini tuangalie vizuri: karatasi, unga wa mbao na gundi vilitosha kwa mafundi wa karne ya 19. Vitatutosha na sisi.

VIFAA

Karatasi kuukuu au trei za mayai, gundi nyeupe ya maseremala, chaki iliyosagwa, mafuta kidogo ya kupikia, waya mwembamba, lastiki ya fundi cherehani, au utepe mwembamba uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, msasa, wembe, nailoni, gololi.

Baadhi ya watu huongeza unga wa ngano au wa muhogo ili udongo ushikane. Sisi tunasema wazi: unga wa mgao ni wa uji wa watoto. Mtu asiuchukue kwa kazi hii. Chaki na gundi zinatosha, tena udongo usio na unga hauvutii mende na panya.

HATUA YA KWANZA: UDONGO

Chana karatasi vipande vidogo, loweka usiku kucha, kisha twanga kwenye kinu ambacho hakitumiki kwa chakula mpaka ziwe kama uji mzito. Kamua maji yote. Kwa vikombe viwili vya karatasi iliyokamuliwa, weka robo tatu ya kikombe cha gundi, kikombe kimoja cha unga wa chaki na kijiko kimoja cha mafuta. Kanda mpaka ulainike kama donge la chapati. Ukishika mkononi, ongeza unga wa chaki kidogo kidogo. Finyanga kwanza kidonge kimoja, ukikaushe na kukijaribu, kabla ya kuanza kazi yenyewe. Udongo uliobaki ufunge ndani ya nailoni usikauke.

HATUA YA PILI: MCHORO

Chora mwanasesere kwenye karatasi kwa ukubwa wake kamili. Tunapendekeza urefu wa sentimita 30: kichwa 5, kiwiliwili pamoja na shingo 11, paja 7, na mguu wa chini pamoja na wayo 7. Mkono wa juu uwe 5 na nusu, na mkono wa chini pamoja na kiganja 7. Hivi ni vipimo vya mtoto. Mtu mzima kichwa chake ni kidogo zaidi kikilinganishwa na mwili.

Vipande ni kumi: kichwa, kiwiliwili, mikono ya juu miwili, mikono ya chini miwili, mapaja mawili na miguu ya chini miwili. Viungo ni tisa: shingo, mabega mawili, viwiko viwili, nyonga mbili na magoti mawili. Kanuni ni moja, ikaririwe: tufe hukaa juu ya kipande cha chini, na kikombe chake hukaa kwenye kipande kinachokipokea. Goti lina tufe juu ya mguu wa chini na kikombe chini ya paja. Bega lina tufe juu ya mkono na kikombe ubavuni mwa kiwiliwili. Shingo nayo ina tufe juu ya kiwiliwili na kikombe chini ya kichwa.

HATUA YA TATU: KUUNDA NA KUKAUSHA

Kila kipande lazima kiwe na tundu katikati ili lastiki ipite. Kwa mikono na miguu, vika penseli nailoni, zungushia udongo, na uchomoe penseli udongo ukianza kushikamana. Kwa kiwiliwili na kichwa, tengeneza kiini cha magazeti yaliyofungwa kwa nailoni, kisha kifunike kwa udongo. Kiwiliwili kikikauka nusu, kipasue kwa wembe, toa kiini, urudishe pande mbili kwa gundi na udongo mbichi. Kichwa kikate utosini. Uwazi huo utafunikwa na nywele za nyuzi.

Unene wa udongo usizidi milimita 5 kwa safu moja. Kausha kivulini kwa siku mbili au tatu, ukigeuza kila mara. Jua kali na moto hukausha nje kabla ya ndani, na kipande hupasuka au kupinda. Ufa ukitokea, lowesha kwa maji kidogo, jaza udongo mbichi, subiri tena.

HATUA YA NNE: TUFE NA KIKOMBE

Hapa ndipo kazi yote inaposimama au kuanguka. Udongo hunywea unapokauka. Ukiunda tufe na kikombe vyote vikiwa vibichi, havitakubaliana. Kwa hiyo tengeneza matufe kwanza, ukitumia gololi kama kipimo cha mviringo, yakauke kabisa na uyapige msasa. Kisha funga tufe kwa nailoni nyembamba na ulikandamize kwenye udongo mbichi wa kikombe. Lichomoe kikombe kikishakuwa kigumu kidogo. Kikombe kisifunike zaidi ya nusu ya tufe, la sivyo kiungo hakitageuka.

Baada ya hapo, kata mfereji kwenye tufe kuanzia tundu la juu kuelekea upande ambako kiungo hukunjwa: goti kwa nyuma, kiwiko na nyonga kwa mbele. Bila mfereji huo lastiki itakwama na mwanasesere hataketi.

Piga msasa namba 120, kisha 240, kisha 400. Fanya kazi hiyo nje, umejifunga kitambaa puani na mdomoni, na watoto wakae mbali na vumbi.

HATUA YA TANO: RANGI NA LASTIKI

Paka rangi ya maji, tabaka nyembamba nyembamba. Usitumie mabaki ya rangi ya mafuta usiyoijua. Baadhi yake zina madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Changanya rangi mpaka upate ngozi ya watoto wetu wenyewe, mweusi wa kweli au maji ya kunde, kama walivyo nyumbani kwako.

Sasa pitisha kijiti cha waya kikatize tundu la kila mguu wa chini na kila mkono wa chini, ukibandike imara. Funga lastiki kwenye mguu wa kushoto, pandisha kupitia paja na kiwiliwili, itokeze shingoni, iningʼinize kwenye kulabu ya waya ndani ya kichwa, kisha iteremshe mpaka mguu wa kulia. Lastiki ya pili ipite kifuani kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Vuta mpaka viungo vishikane lakini vikunjike bila kulazimishwa. Kiungo kikiteleza, bandika ndani ya kikombe kipande chembamba cha ngozi kutoka kwa fundi viatu.

Mwanasesere huyu asipewe mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa sababu vipande vidogo na waya vinaweza kumdhuru. Wala asiloweshwe maji. Akivunjika mkono, tengeneza mkono tu. Mwili mwingine wote unabaki.

SWALI LINALOULIZWA: JE, HII SI SANAMU? JE, SI UCHAWI?

Swali hili lazima lijibiwe, kwa sababu katika jamii zetu lina hatari. Sanamu ya ibada ni ile inayosujudiwa na kuombwa. Mwanasesere habebi maombi ya mtu. Anabebwa mgongoni na kulazwa na mtoto anayeiga malezi ya mama yake. Hana nguvu yoyote. Kinachomfanya akunje goti ni lastiki, na kila aliyeshiriki kumtengeneza ameiona.

Lakini tunajua hofu ilivyo. Mtoto akikutwa na kitu chenye macho na viungo, yuko jirani atakayenongʼona neno "mchawi". Mtoto wa kambo na yatima ndio husingiziwa upesi. Wapendwa, neno hilo limewatupa watoto wengi barabarani. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya kumlinda mtoto ya mwaka 2009 imeweka adhabu. Basi mchungaji au mzee yeyote anayemnyoshea mtoto kidole kwa ajili ya kitu cha kuchezea anamwonea mdogo asiye na mtetezi.

Kwa hiyo tunashauri kazi hii ifanyike hadharani, chini ya mti au barazani, wazazi na majirani wakiona tangu karatasi inapolowekwa. Waalikeni wale wenye mashaka wavute lastiki kwa mikono yao wenyewe. Kitu ambacho mtu amesaidia kukitengeneza hakimtishi tena.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini tufe hukaushwa kabla ya kikombe chake?
2. Mfereji wa goti unaelekea upande gani, na kwa nini?
3. Ni vitu gani katika mtaa wetu vinavyotupwa na vinaweza kutumika katika kazi hii?
4. Mtoto wa jirani akisingiziwa uchawi, sisi kama kikundi tutafanya nini siku hiyo hiyo?

Kazi hii huchukua wiki mbili hadi tatu, kwa sababu udongo hauharakishwi. Tunashauri kila kikundi kianze na mwanasesere mmoja, na huyo wa kwanza apewe mtoto asiye na mzazi katika mtaa wenu.