Mchezo wa Pasaka: Je, Maigizo Yana Nafasi Katika Nyumba ya Mungu?

Somo la familia na vikundi vya maombi
Masomo ya kusoma: Ezekieli 4 na 12:1-16, Ezekieli 33:30-33, 2 Samweli 12:1-13, 1 Wakorintho 4:9-13



Kila mwaka kabla ya Pasaka vijana huja kwa wazee wa kanisa kuomba ruhusa ya kuigiza mateso ya Bwana, na kila mwaka maneno huwa yale yale. Wapo wanaosema kwamba madhabahu si jukwaa, na mtu akianza kuchekwa kanisani ibada imekwisha. Wapo wanaosema kwamba bibi asiyejua kusoma na mtoto wa miaka mitano wataifahamu Injili kwa macho kuliko kwa mahubiri ya saa mbili. Pande zote mbili wamo watu wamchao Mungu. Kwa hiyo tumeona vema tulichukue jambo hili kuwa somo, tulichunguze katika Maandiko na katika historia ya Kanisa, lisibaki kuwa ugomvi wa mlangoni baada ya ibada.

Tuanze na Ezekieli, kwa maana huyu aliishi mbali na kwao kama sisi. Alichukuliwa kutoka Yerusalemu pamoja na mfalme Yehoyakini mwaka 597 kabla ya Kristo, akakaa Tel-abibu karibu na mto Kebari, katika nchi ya Wakaldayo. Watu aliokaa nao walikuwa wakingoja habari ya kurudi. Walijiambia kwamba mji ungali umesimama, hekalu lingali lipo, mambo yatatulia upesi. Nani kati yetu hayajui maneno hayo?

Kwa watu hao Mungu hakumtuma nabii kwa maneno peke yake. Alimwagiza aigize. Katika sura ya 4 anachukua tofali na kuchora juu yake mji wa Yerusalemu, kisha anauzingira kama mtoto achezaye mchangani. Analala kwa ubavu wa kushoto siku 390, na kwa ubavu wa kulia siku 40. Chakula chake kinapimwa, mkate wa shekeli 20 kwa siku, yaani kama gramu 230 hivi, na maji yasiyofika lita moja. Anayepanga foleni ya mgao hahitaji kuelezwa igizo hilo lilikuwa linasema nini.

Lakini sura ya 12 ndiyo inayotugusa zaidi. Nabii anaambiwa afunge vyombo vyake vya kuhama mchana, watu wakitazama. Jioni anatoboa ukuta kwa mkono wake, anatoka na mzigo begani gizani, uso umefunikwa asiione nchi. Tufikiri ni nani waliokuwa wakitazama. Ni watu ambao wenyewe walifunga mizigo namna hiyo miaka michache tu nyuma. Walijua fundo linavyofungwa kwa haraka, na ni kitu gani huchukuliwa na kipi huachwa. Kwa nini basi waonyeshwe jambo wanalolijua kuliko yeyote? Kwa sababu walikuwa wanajidanganya kwamba yamekwisha. Igizo liliwaambia kwamba wengine wanakuja nyuma yao, na kwamba mkuu aliyebaki Yerusalemu naye atatoka gizani. Ikawa hivyo yapata mwaka 586: Sedekia alitoka usiku kwa ukuta, akashikwa, akapofushwa macho, akapelekwa Babeli asiione (2 Wafalme 25). Asubuhi yake watu walikuwa wamemwuliza nabii maana ya aliyoyafanya. Hapo ndipo alipopewa neno la kuwaeleza. Tuangalie mpango huo: tendo kwanza, swali la watazamaji, ndipo mahubiri.

Nathani naye alimfikia Daudi kwa njia inayofanana na hiyo. Hakuanza na dhambi ya mfalme. Alianza na mwana-kondoo wa maskini, na mfalme akatoa hukumu kabla hajajua kwamba mshtakiwa ni yeye mwenyewe.

Hata hivyo, mwisho wa sura ya 33 Mungu anamwonya Ezekieli kuhusu watazamaji wake. Wanakuja, wanaketi, wanamsikiliza kama mwimbaji mwenye sauti nzuri, kisha wanakwenda na hawatendi. Wazee wanaoyaogopa maigizo wana haki ya kuishika aya hiyo. Ila ituguse sote, maana kwaya nazo husifiwa hivyo hivyo, na mahubiri pia.

Katika Agano Jipya neno lenyewe la mambo haya lina sura mbili. Neno tunalosoma “mnafiki” katika Mathayo 6 ni neno la Kiyunani lililotumika kwa mwigizaji wa jukwaani, mtu anayesema kwa uso usio wake. Bwana alilitumia kwa wale wasalio ili watazamwe. Lakini Paulo katika 1 Wakorintho 4:9 anasema mitume wamefanywa kuwa tamasha mbele ya dunia, mbele ya malaika na wanadamu, naye anatumia neno lile lile la mahali pa michezo. Mahali pa namna hiyo alipajua. Huko Efeso umati uliokuwa na ghasia uliwakokota rafiki zake hadi mahali pa michezo (Matendo 19), ambapo magofu yake bado yanaonekana katika nchi ya Uturuki, na inakadiriwa palichukua watu wapatao 24,000. Kwa hiyo Biblia haitupi jibu la ndiyo au hapana kwa neno moja. Inauliza uso ule umevaliwa kwa ajili ya nani.

Wakristo wa kwanza walikuwa wakali, na walikuwa na sababu. Michezo ya Warumi ilifanyika katika sikukuu za miungu, ilijaa uchafu, na katika viwanja vingine watu waliuawa kweli ili wengine wafurahi. Tertullian wa Carthage, kwenye pwani ya kaskazini ya Afrika yetu, aliandika kitabu kizima kuhusu maonyesho hayo yapata mwaka 200, akiwakataza waamini wasikanyage huko.

Miaka kama 50 baadaye, katika mji ule ule, askofu Cyprian alipata barua. Mwigizaji mmoja alikuwa ameokoka na kuacha jukwaa, lakini aliendelea kuwafundisha vijana kazi ile, ndiyo iliyokuwa chakula chake. Je, apokewe katika ushirika? Cyprian alijibu kwamba hapana, haifai kufundisha wengine jambo uliloliacha wewe. Lakini hakuishia hapo. Alisema kama mtu huyo hana namna ya kuishi, kanisa limlishe pamoja na maskini wengine linaowatunza, naye aridhike na chakula cha kawaida. Na kama kanisa la hapo halina uwezo, basi aje kwetu Carthage, sisi tutampa chakula na nguo. Tunaomba wazee wetu waisome habari hiyo mara mbili. Kijana akiambiwa aache kazi ya kuchekesha watu sokoni kwa sarafu chache, aliyemkataza yuko tayari kugawana naye unga?

Ukali huo ulidumu. Nchini Ufaransa waigizaji walinyimwa mazishi ya kanisa, na Molière alipofariki mwaka 1673 mjane wake alilazimika kwenda hadi kwa mfalme ndipo akaruhusiwa kuzikwa, tena usiku. Nchini Uingereza Bunge lilifunga kumbi za michezo mwaka 1642.

Ajabu ni kwamba maigizo yaliyofukuzwa mlangoni yalizaliwa upya ndani ya kanisa lenyewe, tena asubuhi ya Pasaka. Katika karne ya 10, yapata miaka ya 970, askofu Æthelwold wa Winchester aliwaandikia watawa utaratibu wa ibada. Mtawa mmoja mwenye vazi jeupe aende kimya akaketi penye kaburi. Wengine watatu waje polepole kama watu wanaotafuta kitu. Yule aliyeketi awaulize wanamtafuta nani, nao wajibu. Kisha wainue sanda mbele ya watu wote ili waone kwamba haina mwili ndani yake. Basi, hakuna zaidi. Hakuna aliyelia kwa kujilazimisha wala aliyepiga kelele. Sisi twaona kwamba hakuna kikundi cha vijana kisichoweza kufanya hivyo kwa shuka moja nyeupe.

Baadaye mchezo ukatoka nje, ukawa mikononi mwa watu wa kazi. Katika mji wa York, Uingereza, tangu karne ya 14 kila chama cha mafundi kilibeba sehemu yake juu ya gari la kusukuma, likapita mtaa kwa mtaa. Waunda meli walijenga safina ya Nuhu. Waokaji walitengeneza Karamu ya Bwana. Na mafundi wa pini na misumari walipewa kumsulibisha Yesu. Bila shaka kuna fundi aliyesimama pale na nyundo yake ya kila siku, akafikiri. Michezo hiyo ilikoma mwaka 1569, ikafufuliwa mwaka 1951.

Sasa tufike Oberammergau, maana hapo ndipo mafundisho mengi yalipo, mazuri na machungu. Ni kijiji cha milimani katika jimbo la Bavaria, Ujerumani, chenye watu kama 5,000. Mwaka 1633, wakati wa vita vya miaka 30, tauni iliingia kijijini. Waliobaki waliweka nadhiri kwamba wataigiza mateso ya Bwana kila baada ya miaka kumi. Mwaka 1634 waliigiza mara ya kwanza, juu ya makaburi ya ndugu zao. Nadhiri hiyo inashikwa hata leo. Mchezo wa 2020 uliahirishwa kwa sababu ya korona, ukafanyika 2022, na unaofuata ni wa 2030. Wanakijiji wenyewe ndio waigizaji, na mwaka mmoja kabla wanaacha kunyoa nywele na ndevu. Aliyehamia kutoka nje hupata nafasi akiishi pale miaka 20. (Wengine wetu hapa tungekwisha kuhitimu zamani.)

Lakini kijiji hiki cha nadhiri kilibeba sumu ndani ya mchezo wake. Kwa vizazi vingi Wayahudi walionyeshwa kama umati mmoja wenye kiu ya damu, makuhani wao wakavikwa kofia zenye mfano wa pembe, huku Pilato akionekana mtu mwema aliyelazimishwa. Mahali pengi Ulaya ya kale watu walitoka kwenye michezo ya Ijumaa Kuu wakaenda kuwapiga majirani zao Wayahudi. Hitler alikuja Oberammergau mwaka 1930, akarudi 1934, na mwaka 1942 aliusifu mchezo huo kwa sababu ya namna ulivyowaonyesha Wayahudi. Wakati huo Wayahudi walikuwa wanauawa kwa mamilioni.

Marekebisho yalikuja taratibu, hasa baada ya Christian Stückl kuwa mwongozaji kuanzia mchezo wa 1990. Mwaka 2000 iliondolewa ile kelele ya umati kujitakia laana, ambayo ilikuwa imetumiwa vibaya kwa karne nyingi. Sasa Yesu anaonekana alivyokuwa, Myahudi kati ya Wayahudi, anayeitwa Rabi na kusali kwa Kiebrania. Na mwaka 2022 mmoja wa wale walioigiza Yuda alikuwa kijana Mwislamu wa kijijini hapo.

Kwa nini tunayasema haya katika kambi hii? Kwa sababu hapa tunaishi zoni kwa zoni watu wa makabila yaliyofukuzana. Kila mmoja anajua jinsi ya kuwachekesha watu kwa kumpa askari anayempiga Yesu lafudhi ya watu fulani. Herode akisema kwa lugha ya wale waliotufukuza, makofi yatapigwa sana. Na wapo watakaotoka kimya, na mtoto wao atauliza njiani kwa nini wabaya wote walisema kama bibi yake. Wenzetu kutoka Burundi wanakumbuka mchezo wa redio “Umubanyi Niwe Muryango”, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, ambao ulianza kusikika mwaka 1997 vita vikiwa vinaendelea. Ulikuwa habari ya familia mbili jirani, moja ya Wahutu na moja ya Watutsi. Igizo linaweza kufanya kazi hiyo pia.

Basi ushauri wetu kwa vijana na kwa wazee ni huu. Mchezo ufanywe, lakini maneno yake yasomwe kwanza na mchungaji na akina mama wawili au watatu wa lugha mbalimbali. Pilato, Kayafa, Yuda na askari watoke katika makundi yote, na Bwana asiwe kila mwaka wa kundi lile lile. Umati unaopiga kelele tuwe sisi kanisa zima, pale tulipoketi. Kuhusu mijeledi, tahadharini: wapo kati yetu walioyaona haya siyo katika mchezo. Msilete panga hata la ubao, msiige mlio wa bunduki, na kabla ya kuanza mtu aseme wazi yatakayoonyeshwa, ili anayetaka kutoka na watoto wake atoke bila aibu. Mazoezi yasiwekwe siku ya mgao. Baada ya mchezo tusikimbilie sadaka. Tukae, watu waulize, kama walivyomwuliza Ezekieli.

Katika vikundi vya nyumbani wiki hii, someni Ezekieli 12 kwa sauti. Kisha kila familia izungumze: tungeigiza kuondoka kwetu mbele ya watoto waliozaliwa hapa kambini, tungeweka nini katika mzigo? Ni nani tungempa sehemu ya mtu aliyetufungulia mlango njiani, na je, alikuwa wa kabila gani? Majibu yaleteni kwa mlezi wa vijana kabla ya Jumapili ya Mitende. Mwenye shuka nyeupe isiyotumika naye ailete.